Singida: Kazi ambazo hazikuwa kwenye orodha

GUNIA la alizeti likifikishwa mashineni mjini Singida hutoa bidhaa mbili. Ya kwanza ni mafuta, ambayo ndiyo iliyomfanya mkulima apande na mwenye mashine akope fedha za kununulia mtambo. Ya pili ni mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya mbegu kukamuliwa. Hakuna aliyelima alizeti kwa ajili ya mashudu. Hata hivyo, kwa miaka mingi sasa mashudu yana bei yake, yana wanunuzi wake na yana malori yake, kwa kuwa wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa wanayatafuta kila wiki. Mwenye mashine anayepiga hesabu ya mafuta peke yake na kuyasahau mashudu anajipunja mwenyewe.

Soko la kazi nalo lina mashudu yake. Mzazi wa Singida anayeuza ng'ombe ili kulipia masomo ya mtoto huwa na kazi moja kichwani: mwanawe awe mwalimu, muuguzi au mhasibu. Hiyo ndiyo mafuta. Lakini ukiangalia shughuli zinazowaweka mjini vijana wengi wa mkoa huu leo, utakuta nyingi hazikuwa kwenye orodha ya mzazi yeyote siku mtoto alipoanza kidato cha kwanza. Zilijitokeza njiani. Waliozipata ni wale waliokuwa na mpango, lakini hawakuufunga kwa kufuli.

Suala hili si la maneno matupu. Kwa mujibu wa sensa, mkoa wa Singida ulikuwa na watu takribani milioni 1.37 mwaka 2012. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imevuka milioni 2. Kila mwaka wahitimu wapya wanaingia sokoni kutafuta kazi, na nafasi za serikali haziongezeki kwa kasi hiyo. Kijana anayesubiri kazi moja tu, ya mwajiri mmoja tu, yuko katika hali ya mkulima mwenye mteja mmoja: siku mteja huyo asipotokea, mzigo unaozea stoo.

ORODHA YA ZAMANI

Zamani orodha ilikuwa fupi na ilieleweka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali na mashirika ya umma ndiyo yaliyokuwa mwajiri mkuu wa wasomi. Mhitimu wa chuo alipangiwa kituo cha kazi, akapewa barua, akapanda basi au treni kwenda kuripoti. Kwa upande mwingine, masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi wa umma kuwa na hisa katika kampuni, kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili. Mtu alikuwa na kazi moja, na kazi hiyo ilikuwa na mwisho mmoja, yaani pensheni.

Mambo yalibadilika haraka. Februari 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti hayo. Mwaka huohuo sheria mpya ya mabenki ilifungua mlango kwa benki binafsi, na mwaka 1992 iliundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma. Katika miaka iliyofuata maelfu ya wafanyakazi nchini walipunguzwa kazi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kufikiria maisha nje ya mshahara. Waliojiokoa mapema ni wale ambao tayari walikuwa na kile kilichoitwa "mradi": kuku wachache uani, ng'ombe wa maziwa, cherehani, au shamba la alizeti lililokuwa la kujazia tu.

Somo hilo lilijirudia karne hii. Kwa miaka mingi wazazi waliambiana kuwa ualimu haukosi ajira. Juni 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti vya kughushi, na Aprili 2017 ripoti ya uhakiki ilitaja watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Kusafisha orodha ya mishahara lilikuwa jambo la lazima. Lakini aliyehitimu ualimu kipindi hicho, akiwa na cheti chake halali mkononi, alijikuta akingoja mwaka baada ya mwaka. Kazi iliyoonekana salama kuliko zote ndiyo iliyomweka kijiweni.

YALIYOKUJA BILA KUBISHA HODI

Wakati mlango huo ukifungwa, mingine ilikuwa inafunguka upande ambao hakuna aliyekuwa akiuangalia. Chukua mwaka huohuo wa 2016. Mwaka mmoja kabla, mtu ambaye angesema kuwa bomba la mafuta ghafi litapita Iramba na Mkalama angechekwa, kwani Uganda ilikuwa katika mazungumzo ya kupitisha mafuta yake Kenya. Aprili 2016 Uganda ikatangaza kuwa bomba litaelekea Tanga. Njia yake ni kilometa 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko upande wa Tanzania, zikiwamo zinazokatiza mkoa wa Singida.

Julai 2016 ikatangazwa kuwa serikali inahamia Dodoma kwa vitendo. Kwa mkulima wa vitunguu na mfugaji wa kuku wa Singida, tangazo hilo lilikuwa na maana moja: walaji wenye mishahara wanasogezwa karibu. Mwaka 2017 ulisainiwa mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Morogoro hadi Makutupora, ambayo iko wilayani Manyoni. Machi 2023 mgodi wa Shanta katika wilaya ya Ikungi ukatoa dhahabu yake ya kwanza.

Mambo manne, na hakuna hata moja ambalo mzazi aliyempeleka mtoto sekondari mwaka 2012 angeweza kuliandika kwenye mipango yake. Hata hivyo kila moja lilihitaji watu: wachomeleaji, madereva wa mitambo, mafundi umeme, wapima ardhi, watunza stoo, walinzi, wapishi, na mama lishe wa kulisha kambi nzima.

Historia ya mkoa imejaa mambo ya namna hii. Dhahabu ya Sekenke, Iramba, ilianza kuchimbwa wakati wa Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia bahari, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 ikafuliwa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli. Mafundi waliowekwa pale kutengeneza injini na mabehewa wakawa wanatengeneza fedha. Karakana haikujengwa kwa kazi hiyo, lakini ilikuwa na moto, vyuma na mikono yenye ustadi.

Mipango mikubwa nayo huvunjika. Miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri. Mwishoni mwa miaka ya 1940 reli hiyo iling'olewa na vyuma vyake vikapelekwa kusini kuhudumia mpango wa karanga. Mpango wenyewe, uliokuwa na mashamba Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza takribani pauni milioni 36 za serikali ya Uingereza. Ulikuwa na wataalamu, matrekta na ramani. Ulichokosa ni nafasi ya kubadili mawazo pale udongo na mvua vilipokataa. Kama dola lenye fedha zote hizo lilikosea hesabu ya miaka mitano, kijana wa miaka 18 hana sababu ya kuona aibu kwamba hesabu yake ya miaka 40 ya kazi haijatimia neno kwa neno.

MNYORORO WA KUKU

Anayetaka kuona jinsi kazi isiyopangwa inavyozaliwa asiende mbali. Amtazame kuku wa kienyeji.

Kuku wa Singida anajulikana Dar es Salaam kwa jina la mkoa wake. Hakuna chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya biashara hiyo wala mpango wa miaka mitano ulioiagiza. Kaya vijijini zilikuwa na kuku wa kitoweo na wa mgeni. Mji wa pwani ulipokua na walaji wakaanza kuchoshwa na nyama laini ya kuku wa kisasa, bei ilipanda, na mnyororo ukajifunga wenyewe pingili baada ya pingili.

Yupo mchuuzi wa baiskeli au pikipiki anayepita nyumba kwa nyumba na kuwavizia wauzaji siku za mnada. Yupo mkusanyaji mjini anayewalisha na kuwanywesha hadi idadi itimie. Yupo anayesuka matenga, na hesabu yake ni rahisi: kila tenga linaloharibika njiani ni tenga jipya la kununuliwa. Wapo wapakiaji, madereva na madalali wa sokoni Dar es Salaam. Mwishoni yupo mwenye baa na mwenye harusi.

Kila pingili ina ujuzi wake. Mchuuzi mzuri anajua kuwa Krismasi, Pasaka na Idi bei hupanda, na kwamba anayeanza kukusanya wiki ya sikukuu amechelewa. Anajua kuku wangapi waingie tenga moja wasife kwa joto. Anajua pia adui mkubwa wa biashara hii, ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaoweza kufagia banda zima ndani ya siku chache.

Ugonjwa huohuo umezaa kazi nyingine. Chanjo ya mdondo ya aina ya I-2 huwekwa tone moja tu kwenye jicho la kuku, na hurudiwa mara kadhaa kwa mwaka. Haihitaji daktari wa mifugo kila kijiji. Inahitaji mtu makini, anayeaminika, anayejua kutunza chanjo na kuandika daftari. Katika kata za Sanza na Majiri, wilayani Manyoni, mradi wa utafiti wa muongo wa 2010 uliwatumia wachanjaji wa vijijini waliopewa mafunzo, huku mfugaji akilipa ada ndogo kwa kila kuku. Hakuna msichana aliyemaliza kidato cha nne akisema anataka kuwa mchanjaji wa kuku. Lakini aliyekubali kujifunza alipata kipato, akapata wateja, na akajenga jina la kumfungulia duka la dawa za mifugo iwapo angetaka kwenda hatua ya pili.

Hali kadhalika kwenye alizeti. Katikati ya miaka ya 1980 ilibuniwa hapa nchini mashine ya kukamulia mafuta kwa mkono, inayosukumwa kwa mpini mrefu, ikaenea mikoa ya kaskazini na ya kati. Baadaye zikaja mashine za dizeli, kisha za umeme kadiri nguzo zilivyofika vijijini. Kila badiliko lilihitaji fundi wa kuitengeneza, mchongaji wa vipuri, muuza madumu na mtu wa kupima uzito. Na kwa upande wa vitunguu, soko la Misuna mjini Singida linalisha wapakiaji, washonaji magunia, madalali na waweka kumbukumbu, pamoja na mvutano wa miaka yote kuhusu lumbesa. Mhitimu wa masomo ya biashara anayejua mizani na daftari ana nafasi pale, ingawa hakuna tangazo la kazi litakalobandikwa ukutani.

BAHATI HUMKUTA ALIYEJIANDAA

Wataalamu wa ushauri wa kazi wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1999 mwanasaikolojia John Krumboltz wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na Kathleen Mitchell na Al Levin, walichapisha makala iliyopinga ushauri wa kawaida wa kumtaka kijana achague kazi moja mapema na kuifuata mpaka mwisho. Walisema matukio yasiyotarajiwa ni sehemu ya kawaida ya maisha ya kazi, na kwamba mtu anaweza kujifunza kuyapokea. Walitaja mambo matano: udadisi, kutokata tamaa, kukubali kubadilika, kuwa na matumaini, na kuthubutu hata pale matokeo hayana uhakika. Krumboltz mwenyewe aliingia katika saikolojia kwa njia hiyo. Siku ya mwisho ya kuchagua somo kuu chuoni ilipofika hajaamua, akamwendea kocha wake wa tenisi kuomba ushauri. Kocha huyo alikuwa pia mwalimu wa saikolojia.

Watanzania hawana haja ya kwenda Stanford kupata mfano. Mwalimu Julius Nyerere aliwahi kusema kuwa ualimu aliuchagua mwenyewe, lakini siasa ilimjia kwa bahati. Mwaka 1955 aliacha kufundisha Pugu. Hakuacha kuwa mwalimu, kwani uwezo wa kueleza jambo gumu kwa lugha nyepesi ndio aliokwenda nao majukwaani.

Singida nayo ina mwanawe anayejulikana duniani. Mohammed Dewji alizaliwa hapa mwaka 1975. Mwaka 1992 alipelekwa Orlando, Marekani, kwenye chuo cha gofu cha Arnold Palmer. Njia ya gofu haikufika mwisho. Alisoma biashara ya kimataifa na fedha katika Chuo Kikuu cha Georgetown, akahitimu mwaka 1998, akarudi kwenye kampuni ya familia, ambayo mizizi yake ilikuwa katika kununua na kuuza bidhaa. Wakati huo serikali ilikuwa inauza viwanda vyake. Kampuni iliviangalia viwanda vya mafuta, sabuni na nguo ambavyo wengine waliviona kuwa vyuma chakavu, ikanunua. Kati ya mwaka 2005 na 2015 Dewji alikuwa pia mbunge wa Singida Mjini.

Msomaji atasema, na atakuwa na haki, kwamba mtoto wa tajiri akianguka huangukia godoro. Hilo ni kweli na lisifichwe. Fursa ileile ya kununua kiwanda isingekuwa na maana kwa mtu asiye na mtaji. Lakini hoja inabaki palepale kwa kipimo cha kila mmoja. Elimu ya hesabu za biashara ndiyo iliyomwezesha kuona thamani ya kiwanda kilichokufa. Kwa mchanjaji wa Manyoni, elimu ya kidato cha nne ndiyo iliyomwezesha kusoma maelekezo ya chanjo na kuandika daftari. Nafasi ilikuja bila kutarajiwa, lakini kilichoipokea kilikuwa kimeandaliwa kwa miaka.

Ndiyo sababu ni kosa kumwambia kijana kuwa kupanga hakuna maana. Asiyepanga kabisa hana ujuzi wa kumfanya aitwe. Fundi magari wa Manyoni aliyesomea kazi yake vizuri hakujua kuwa reli itakuja, lakini mkandarasi alipohitaji mtu wa kutengeneza mitambo, alikuwa na cheti na mikono ya kuonyesha. Jirani yake aliyekuwa "anasubiri fursa" bila fani yoyote alipata kibarua cha kubeba zege, nacho kikaisha.

UPANDE WA HASARA

Ukurasa wa masoko hauwezi kusifu bei ya kupanda ukanyamazia ya kushuka. Si kila kinachojitokeza njiani ni riziki. Kingine ni shimo.

Mwaka 2021, mafuta ya kula yakiwa ghali na adimu, serikali iliitaja mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu kuwa ya kimkakati kwa alizeti na kuhimiza wakulima wapanue mashamba. Wengi waliitikia, na wapo walioacha biashara nyingine wakakodi ekari. Kisha unafuu wa ushuru ukatolewa kwa mafuta ya nje ili kumpunguzia mlaji makali, na mavuno ya 2023 yalipotoka bei ya mbegu ikaporomoka. Wakulima wa Singida walilalamika wazi kwamba gharama za shamba hazirudi. Baadaye ushuru ulipandishwa tena, lakini aliyekuwa ameweka akiba yake yote kwenye zao moja alikwisha kuumia. Aliyekuwa amegawa, ekari mbili alizeti, moja mtama, na kuku uani, alitikisika lakini hakuanguka.

Lipo pia shimo la makusudi. Mchezo wa upatu wa DECI uliwavuta maelfu ya Watanzania kwa lugha tamu ya shamba: fedha zilizotolewa ziliitwa mbegu na malipo yakaitwa mavuno. Serikali iliusimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 viongozi wake wakatiwa hatiani mahakamani. Watumishi wenye mishahara na wafanyabiashara wenye uzoefu nao waliingia. Walichokosa kuuliza ni swali ambalo kila mchuuzi wa kuku huuliza kabla ya kupakia: mnunuzi wa mwisho ni nani, na fedha yake inatoka wapi?

Tatu ni kazi zenye kikomo. Ujenzi wa bomba au reli huajiri wengi wakati wa kuchimba na kujenga, na wachache wakati wa kuendesha. Kijana anayeacha chuo mwaka wa pili ili kuwahi mshahara wa mradi wa miezi 18 anapaswa kujua kuwa mwezi wa 19 upo.

HESABU TATU KABLA YA KUHAMA

Kutokana na mifano hii zipo hesabu tatu ambazo anayekutana na nafasi asiyoitarajia anaweza kuzifanya jioni moja kwa kalamu na karatasi.

Kwanza, ikishindikana nitapoteza nini? Nafasi inayodai nguvu, muda wa jioni na mtaji mdogo inaweza kujaribiwa. Nafasi inayodai shamba pekee la familia liuzwe, au masomo yaliyobakiza mwaka mmoja yaachwe, haina budi iwe na uthibitisho mkubwa mara kumi. Mkulima wa Singida, mwenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, hajaribu mbegu mpya kwenye ekari zote. Hutenga pembe moja ya shamba.

Pili, nitabaki na nini ikiisha? Kazi ya miezi sita inayomwachia mtu leseni ya udereva wa mitambo, ustadi wa kuchomelea au orodha ya wateja imelipa mara mbili. Yenye mshahara mkubwa kidogo isiyoacha ujuzi wowote imelipa mara moja tu. Vyuo vya ufundi vya VETA, vilivyowekewa sheria mwaka 1994, vina kozi fupi zinazoweza kugeuza kibarua kuwa fani, na mjini Singida kipo kimojawapo.

Tatu, nimeijuaje? Habari iliyofika kila kijiwe imekwisha kupoteza bei yake. Mchuuzi wa vitunguu hupata faida kwa kujua mapema kuwa mzigo umepungua Kariakoo, na mtafuta kazi yuko vivyo hivyo. Anayekwenda mnadani kuuza mbuzi wawili na kurudi na habari tatu amefanya biashara mara mbili. Kusoma mbao za matangazo wilayani, kuwauliza madereva wa malori kinachojengwa mbele, kumtembelea mwalimu wa zamani na kumsaidia jirani mwenye mashine siku fundi wake hayupo, yote hayo hayana gharama kubwa. Ni kama kutandaza mkeka wakati wa mavuno: hujui punje itadondokea wapi, lakini unajua itadondoka.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mzazi aliyeuza ng'ombe ana haki ya kutaka matokeo. Lakini akimlazimisha mtoto akae nyumbani miaka minne akingoja barua ya ajira, kwa sababu kusuka matenga au kuchanja kuku ni aibu kwa msomi, anakuwa ameuza ng'ombe wa pili bila kujua. Cheti hakichakai kwa mwenye nacho kushika jembe au pikipiki. Kinachochakaa ni mazoea ya kufanya kazi.

MWELEKEO WA SOKO

Kwa wanaofuatilia mwenendo wa Singida, yapo mambo ya kuangaliwa kwa karibu. Treni ya kisasa ilianza safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Huduma inaposogea kuelekea Manyoni, swali kwa wafanyabiashara wa kuku, asali ya Itigi na vitunguu ni nani atakusanya mzigo, nani atauhifadhi na nani atauhesabu. Sera ya ushuru wa mafuta ya kula, inayotajwa kila Juni kwenye bajeti, itaendelea kuamua kama mashine za alizeti zitaajiri au zitalala. Mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekewa sheria mwaka 2005, kila unapoingizwa kwenye zao jipya unahitaji watunza maghala, wapima ubora na makarani wa mizani.

Katika yote hayo hakuna hata moja lenye uhakika, na huenda kazi kubwa zaidi ya miaka kumi ijayo mkoani hapa haijatajwa katika ukurasa huu. Mwanafunzi wa kidato cha nne aendelee kupanga kuwa mwalimu, muuguzi au mhasibu, kwa kuwa mkoa unawahitaji wote. Asome kwa bidii, amalize. Kisha, akifika mashineni na gunia lake, asiondoke na dumu la mafuta tu akaacha mashudu sakafuni. Yupo mwenzake nyuma yake kwenye foleni, mwenye gunia tupu, anayeyasubiri.